Mwaka Tuliomwogesha Maria

Mtu akiniuliza kwa nini sanamu ya Mama Maria iliyo kanisani kwetu Louisville ina uso mweusi, huwa natafuta pa kupita nikimbie. Sina nguvu tena. Mwaka jana alikuja binti mmoja wa chuo, mpole, ana kamera na miwani mikubwa, akanifuata mpaka kwenye gari langu baada ya misa. Alikuwa anaandika juu ya sanamu za Maria mweusi za Ulaya ya zamani, zile zilizochongwa Ufaransa na Hispania enzi za wafalme na ngome, ambazo wasomi wamebishana miaka nenda miaka rudi kuhusu weusi wake umetoka wapi. Alikuwa amesikia kwamba Wakongo wa Beechmont, mtaa wetu, wanayo moja inayofanana nazo. Nikamwambia sijui lolote. Akaandika hilo nalo. Baadaye alinitumia kazi yake, na ndani alisema kwamba weusi wa sanamu yetu, kwa uwezekano mkubwa, umetokana na moshi wa mishumaa. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mwanangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama niko sawa. Kanisa letu linatumia mishumaa ya betri, tangu siku ile kengele ya moto ilipolia katikati ya Pasaka na wazima moto wakaingia na mabuti yao wakati padri anahubiri.

Ningeweza kumwambia ukweli, ila ukweli ule ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa hai na hawasemezani. Sasa mmoja ameondoka. Tantine Feza alifariki Columbus mwezi uliopita. Dada yake mkubwa, Tantine Mwamini, alinipigia asubuhi, hakunisalimia, hakulia, akasema tu, "Riziki, Feza amekufa. Leta gari." Wote wawili ni dada za baba yangu, na sisi wa Kivu shangazi tunamwita tantine, hata akiwa amekuchosha kiasi gani. Njia nzima kutoka Louisville alishika mfuko wa plastiki mapajani, hataki niuweke nyuma. Nami nikawa naendesha huku naukumbuka mwaka 2015, mwaka ambao wanawake hao wawili, ambao vita na kambi havikuwahi kuwagombanisha, waligombana kwa sababu ya maji ya kuoga.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, naishi kwa Tantine Mwamini, Beechmont, kwenye sebule yenye makochi mawili ambayo ukikaa magoti yanagusa televisheni. Nilifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Yeye alitunza wazee asubuhi. Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote katika nyumba ile ni friji. Juu ya friji Tantine aliweka simu yake, spika imewashwa mpaka mwisho, na ndani ya simu hiyo aliishi Tantine Feza. Sitii chumvi. Walipofika Amerika mmoja alipangiwa Kentucky na mwingine Ohio, bila mtu kuwauliza, na wao wakakataa kutengana. Mwamini akirudi kazini alimpigia mdogo wake, akaiweka simu juu ya friji, kisha kila mmoja akapika kwake. Ungemsikia Feza anatwanga sombe, yaani kisamvu, Columbus, Mwamini anasonga bugali Louisville, na wanabishana kuhusu chumvi, ingawa hakuna hata mmoja kati yao angeonja chakula cha mwenziwe. Kuna siku hawakusema chochote, unasikia tu sufuria inachemka upande wa pili. Mimi nilikuwa nalala mchana, kwa hiyo friji ile iliniharibia usingizi mwezi baada ya mwezi. Nilipolalamika, Tantine alinijibu bila kugeuka. "Weye ulale. Hatuongei na weye."

Wakati huo akina mama wa Kikongo walisali rozari kwenye chumba cha chini cha kanisa, mbele ya picha iliyokatwa kwenye kalenda na kubandikwa ukutani kwa gundi. Tantine Mwamini ndiye aliyewaongoza, na picha ile ilimkera, maana pembe moja ilikuwa inabanduka kila wiki na kumfunika Maria uso katikati ya Salamu. Ndipo binamu yangu Amani, aliyekuwa akiishi Riverside kule Buffalo, akapiga simu. Jirani yake, bibi mzee ambaye watu wake walitoka Poland, alikuwa anauza nyumba ahamie kwa binti yake, na alikuwa na sanamu ya Maria ambayo binti huyo hakuitaka hata kidogo. Amani alituma picha. Maria ameketi wima kwenye kiti, mtoto magotini, macho makubwa yanakutazama kama mwalimu aliyekukuta unanong'ona darasani, na uso mweusi tii. Tantine alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa kwetu. Akaacha. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaikuza picha mpaka uso ukajaa kioo kizima. "Feza," aliiambia friji, "umeona? Ule iko wetu." Friji ikajibu, "Minaona. Lakini bon, alipigwa picha ku giza." Tatizo lote lilikuwa limeshasemwa hapo, na sote watatu tukaendelea na shughuli zetu.

Nilitumwa mimi kumchukua, kwa sababu nilikuwa na leseni ya udereva na Kiingereza, na katika ukoo wetu mwenye vitu hivyo viwili hapumziki. Buffalo nilikuta theluji imerundikwa pembeni mwa barabara kama vifusi, na upepo wa mto unapita katikati ya nyumba za mbao unakukata masikio. Bibi alitukaribisha mimi na Amani sebuleni, kati ya maboksi, akatulisha vitu fulani kama sambusa zilizochemshwa, ndani viazi, juu vitunguu vya kukaanga. Amani alikula mpaka nikaona aibu. Maria alikuwa kwenye meza ndogo dirishani, kimo cha mtoto wa kuanza shule. Babu yake bibi alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya Ufaransa, na huko kijijini aliona sanamu ya kale, ya mamia ya miaka, akachonga mfano wake kwa mkono. Nikauliza, kwa heshima tu, ile ya kale ilikuwaje ikawa nyeusi. Nisingeuliza. Bibi alisema iliokoka moto uliochoma kanisa. Kisha akasema hapana, hiyo ni hadithi ya mama yake; marehemu mumewe alisema ni moshi wa mishumaa ya mahujaji. Kisha akasema babu mwenyewe alikuwa akisema wachimba makaa walimpenda kwa sababu alionekana kama mtu aliyetoka mgodini. Nikamuuliza sasa lipi ni kweli. Akanitazama kama vile mimi ndiye mwenye kichwa kigumu, akaniongezea vitunguu. Alipomuaga Maria alimshika goti, si uso, akasema naye Kipolandi kidogo. Tulimfunga mkanda kiti cha nyuma, tukamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Nikirudi Louisville nilipitia Columbus, nikafika mchana, nimechoka hata kuongea siwezi. Tantine Feza alinipokea kwa sombe na samaki, akanikalisha, akanitazama nikila, akaniambia nimekonda, akaniambia nimenenepa, nikapitiwa na usingizi palepale kwenye kochi. Kilichoniamsha ni harufu. Kama umewahi kuishi na mama wa Kikongo unaijua: javeli, ile dawa ya kung'arisha mashuka, ukiivuta inakupanda mpaka kwenye paji la uso. Nikaifuata harufu hadi bafuni. Mama Maria alikuwa amekaa ndani ya beseni la kuogea, maji yanamfika kiunoni, na Tantine Feza amepiga magoti, amekunja mikono ya gauni, ana brashi ya kusugulia nguo. Maji yalikuwa ya kahawia kama chai iliyosahauliwa jikoni. Alikuwa anaimba.

"Tantine, unafanya nini?"

"Weye unaona nini? Ametoka Buffalo," alisema. "Mugeni atoke safari ya vile, asioge? Watasema nini, kama ku nyumba ya Feza hakuna maji?"

Na alikuwa na haki, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nyumba yoyote ya kwetu, mgeni akiingia na vumbi lake, jambo la kwanza anatengewa maji. Unamtengea hata kabla ya kumuuliza habari za njiani. Hata mimi nilikuwa nimeshatengewa, taulo langu lilikuwa juu ya mlango, ila nililala kabla ya kuoga na Maria akapewa zamu yangu. Feza alimmwagia kikombe cha mwisho, akamgeuza uso kwenye mwanga. Weusi ulikuwa umetoka wote. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, ya waridi, ile waridi ya soseji mbichi, na mashavu mawili mekundu. "Ona," alisema Tantine, ameridhika kabisa, "moshi ya batu ya kizamani ilikuwa imemuharibu. Kumbe alikuwa muzuri vile." Mimi nilikaa juu ya kifuniko cha choo, nikashika kichwa.

Na kwa sababu alikuwa na moyo safi, akampigia dada yake mwenyewe, kwa video, ili amwonyeshe. Nilimwona Mwamini kwenye kioo kidogo, nyuma yake mlango wa friji. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Umemufanya nini?"

"Nilimuogesha."

"Umemuogesha, ama umemufanya afanane na weye?"

Simu ikakatika. Feza alibaki ameishika, maji yanamtiririka kwenye viwiko, akaniuliza mimi kama ni mtandao.

Haukuwa mtandao. Ilinibidi nielezwe na Amani kwa simu, kwa sababu wakubwa wetu hawaelezi, wanakasirika tu na wewe ujijazie. Walipokuwa watoto huko misioni, kila Noeli mtawa aliyefundisha katekisimu alichagua msichana wa kuwa Maria kwenye mchezo wa kuzaliwa Yesu. Kila Noeli alimchagua Feza. Feza alikuwa maji ya kunde, ana rangi ya baba yao, na Mwamini alikuwa mweusi wa mama yao. Mwamini ndiye aliyejua nyimbo zote, ndiye aliyejua maneno ya Maria mpaka ya malaika, na mwaka mmoja alijitolea kwa kidole juu. Mtawa akamjibu, bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayekueleza hali ya hewa, kwamba Mama Maria hakuwa hivyo. Akapewa kuwa mchungaji. Akawa mchungaji miaka yote. Hakumchukia mdogo wake kwa hilo, alimbeba mgongoni walipokimbia vita. Lakini siku alipoiona picha ya Buffalo alikuwa amepata jibu la kumpa yule mtawa, na mdogo wake akalisugua kwa brashi mpaka likaisha.

Nilirudi Louisville na Maria wa waridi. Akina mama wakagawanyika papo hapo. Nusu walisema afadhali, sasa anafanana na Maria wanayemjua. Nusu walisema wamedanganywa. Majirani zetu wa milimani kule Kivu, walokole ambao kanisa lao halina sanamu hata moja, walisema wao walishatuonya, ingawa sikumbuki lini. Tantine Mwamini alirudi kazini, akapika, akala. Simu ilikaa juu ya friji kama kawaida, spika haikuwashwa. Mara ya kwanza tangu nihamie pale nilijilaza mchana kutwa bila kusumbuliwa, na sikupata usingizi hata wa kuonja. Nilikuwa nasikiliza ule ukimya. Nikampigia Feza, akaniuliza, "Amekula?" Nikamwambia mpigie umuulize. Akasema, "Ye njo mukubwa, anipigie ye." Nikamwambia Mwamini, akasema, "Nimupigie nimuambie nini? Ye njo alikosea." Nikabaki katikati kama posta, nimechoka na kazi, nimechoka na wao, na kila mmoja ananiuliza mwenzake amekula nini.

Mwishowe nilimpeleka Tantine kwa padri, mzee wa Kimarekani aliyesomea Ulaya, nikidhani atampa faraja. Alimpa mhadhara. Alieleza kwamba sanamu hizo zilichongwa sana zama za kati, za mbao, mama kwenye kiti na mtoto magotini, na kwamba kuhusu weusi wake kuna maoni mengi. Wengine wanasema ni masizi ya mishumaa. Wengine wanasema ni mbao yenyewe, inazidi kuwa nyeusi kwa umri. Wengine wanasema rangi za zamani zilikuwa na risasi, yale madini, na risasi ikizeeka inageuka nyeusi. Wengine wanasema wapiganaji wa msalaba walileta picha kutoka mashariki. Wengine wanasema kabla ya Ukristo watu wa huko waliheshimu mama wa ardhi, na udongo mzuri ni mweusi, basi desturi ikaendelea kwa jina jipya. Na wengine, alisema, wanafikiri wachongaji walitaka tu awe hivyo. Hilo alilisema mwisho, kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa natafsiri yote haya kwa Kiswahili, risasi imenishinda mara mbili, Tantine akadhani Maria alipigwa risasi.

Alipomaliza, Tantine alikunja mikono. "Muulize hivi. Juu ya ule mweusi banaandika vitabu. Na ule mweupe? Nani aliuliza juu ya nini iko mweupe? Alizaliwa ku jua kali kule." Nikatafsiri. Padri akavua miwani akaifuta. Alikuwa mtu wa haki, nitamsifu kwa hilo, hakutafuta maneno. Alisema hajawahi kuulizwa. Kisha akasema kuna jambo moja zaidi, na pengine lilitokea hata kwa sanamu ya babu wa Kipolandi: kuna sanamu ambazo hazikuwa nyeusi mwanzoni. Zilianza kuwa na giza polepole, watu wakamzoea Maria wao hivyo, wakampenda hivyo, na siku fundi alipomsafisha akatoka mweupe, watu walimkataa. Wakasema huyo siye mama yetu. Ikabidi apakwe rangi nyeusi, kwa makusudi.

"Bon," alisema Tantine, akasimama. Hakuaga.

Kesho yake nilimkuta jikoni ametandika magazeti. Maria amelazwa juu ya meza ya kulia, na Tantine ana makopo mawili ya siraje, yaani dawa ya viatu, moja nyeusi na moja ya kahawia, amevaa soksi ya mume wake marehemu mkononi kama glavu. Alichanganya, akapaka, akasubiri ikauke, akasugua, akapaka tena. Nikamwambia kuna rangi halisi za sanamu, zinauzwa. Akaniuliza nina viatu vingapi vilivyochakaa tangu avipake siraje yake. Nikamwambia Mama Maria sio kiatu. Akasema ndiyo maana anatumia kopo jipya. Ilipofika jioni uso ulikuwa umerudi, mweusi wenye wekundu ndani, unang'aa, na nisiseme uongo, ulikuwa uso wa Tantine mwenyewe, hasa hapa kwenye paji. Hicho ndicho chanzo cha Maria mweusi wa Louisville, kwa wanaoandika.

Tulimsimika Sikukuu ya Kupalizwa, mwezi wa nane, joto kali. Siraje ililainika. Kila aliyegusa goti alirudi kwenye benchi na vidole vyeusi, na watoto walinong'ona kwa Kiingereza kwamba Bikira ananuka viatu. Katikati ya wimbo wa matoleo nilimwona Tantine Feza mlangoni. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Columbus, peke yake, amevaa kitenge cha sherehe, ameshika ndoo ya mikate ya kukaanga ambayo bila shaka ilikuwa imepoa. Alingoja foleni ya watu, akapanda, akamshika Maria goti. Akautazama mkono wake ulivyokuwa mweusi. Akacheka, kicheko chake kile cha kwenye friji, akageuka amtafute dada yake acheke naye.

Mwamini alikuwa pale pale pembeni. Ilikuwa hatua mbili tu. Nilikuwa nimeshashukuru Mungu, nawaambieni, nilikuwa nimeshashukuru.

"Usimuogeshe tena," alisema Mwamini.

Feza aliufuta mkono kwenye kitenge chake kizuri, polepole. Aliacha ndoo ya mikate kwenye benchi la nyuma, akarudi kituo cha basi kabla ya baraka. Mikate tuliila. Ilikuwa mizuri, na hilo nalo liliniudhi. Baada ya hapo walikutana kwenye harusi na misiba, wakasalimiana kwa midomo tu. Miaka yote hiyo kila mmoja aliniuliza mimi kama mwenzake amekula, na mimi nilijibu, kwa sababu nilichoka kukataa.

Basi mwezi uliopita tuliingia nyumba ya mazishi ya Columbus, yenye zulia zito na muziki wa kinanda usioisha, na kijana mmoja wa pale, amevaa suti, akatufungulia mlango wa chumba alimolazwa Feza. Walikuwa wamemwandaa vizuri, kwa namna yao. Wamempaka poda usoni. Sijui walitafuta rangi gani, au walikuwa na kopo moja tu kwa ajili ya watu wote, lakini alikuwa kati ya kijivu na waridi, na mashavu mawili mekundu. Ile waridi niliijua. Mwamini alisimama pale miguuni, akasema, "Huyu haiko Feza." Kijana akaniuliza amesema nini. Kabla sijatafuta jinsi ya kulisema hilo kwa adabu, Tantine alikuwa amefungua mfuko wake wa plastiki juu ya kiti. Kulikuwa na beseni dogo, kitambaa kipya, kipande cha sabuni na kopo la mafuta ya kujipaka.

"Muambie alete maji ya moto," aliniambia.

Yakaletwa. Alikunja mikono ya sweta, akaanza kwenye paji la uso, taratibu, kwa pembe ya kitambaa, akisuuza kila mara. Maji yakawa na rangi. Kijana, ana wasiwasi na kazi yake, aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini anafanya hivyo, kama kuna kosa, kama rangi imekuwa nyeupe sana au nyeusi sana. Nikamwambia amwache. Poda ilitoka, na chini yake akatokea Feza, maji ya kunde, rangi ya baba yao, rangi iliyompa Noeli zote na kumkosesha dada yake zote. Mwamini alimpaka mafuta kidogo kwenye mashavu mpaka akang'aa, akarudi nyuma amtazame, akarudi tena kufuta alama moja karibu na sikio. "Rangi yake njo hii," alimwambia kijana, kwa Kiswahili, kwa ukali. "Mumuache nayo." Hapo ndipo alipolia. Kisha akainama karibu kabisa na sikio lile, akaongea naye kwa sauti ileile ya jikoni, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka ule.

"Bon, Feza. Nimekuogesha. Uko safi. Ukifika kule umuangalie Maria muzuri, iko rangi gani, halafu unipigie."